Kikomo cha gharama za ubunge na mahali kinapovujia

Kila msimu wa uchaguzi ukikaribia, mabishano ya pesa za wagombea ubunge hapa Dar huwa ni ya tarakimu. Huyu anataka kikomo kipunguzwe, yule analalamika kwamba hakitoshi hata mafuta. Tarakimu ndiyo kazi nyepesi kuliko zote: Waziri anaandika, inatoka kwenye Gazeti la Serikali, basi. Kazi ngumu ni kujua pesa ipi inaingia kwenye hesabu, hesabu inaanza lini, na taarifa inafika kwa mwenye meno kabla au baada ya muda wa kesi kuisha. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo linaloinyonga sheria yetu, na ndilo husikii likijadiliwa.

Kwa wasiokumbuka tulikotoka: kabla ya sheria hii kulikuwa na takrima. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, na pilau likapata ulinzi wa kisheria. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la mashirika ya kiraia ya LHRC, LEAT na NOLA dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Mwenye nacho na asiye nacho walikuwa hawasimami kwenye uwanja mmoja. Miaka minne baadaye ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Na. 6 ya 2010, chini ya usimamizi wa Msajili wa Vyama vya Siasa. Inagusa mchakato wa uteuzi, kampeni na uchaguzi wenyewe, kwa hiyo hata kura za maoni ndani ya chama zimo. Mwaka 2024 ilifanyiwa marekebisho pamoja na Sheria ya Vyama vya Siasa. Anayeitumia kazini atafute nakala yenye marekebisho, aachane na ile ya zamani inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Nimalizane kwanza na tarakimu. Sheria inamtaka Waziri, anapoweka ukomo, aangalie ukubwa wa jimbo, idadi ya watu, aina ya wagombea na miundombinu ya mawasiliano. Kwa Dar vigezo hivyo vinagongana. Kigamboni ina watu wachache kuliko Mbagala, lakini mgombea wake anatoka Feri hadi Kimbiji na Pemba Mnazi, na kila safari ina mafuta yake na gari linalohimili njia. Mgombea wa Kinondoni akisimama Tandale na spika mbili, anasikika nyumba kwa nyumba bila kusogea hatua. Ukihesabu vichwa tu, umemwonea wa Kigamboni. Ukihesabu kilomita tu, umemwonea wa Mbagala, ambaye vituo vya kupigia kura ni vingi na kila kimoja kinataka wakala. Na mipaka yenyewe haitulii: mwaka 2025 Kivule ilimegwa kutoka Ukonga na Chamazi kutoka Mbagala, mkoa ukafikisha majimbo 12.

Wafaransa waliliondoa jambo hili mikononi mwa waziri wakaliandika kama hesabu. Kwa uchaguzi wa wabunge, kila mgombea anaanza na yuro 38,000, anaongezewa senti 15 kwa kila mkazi wa jimbo, kisha jumla inazidishwa kwa 1.26. Jimbo la wakazi 120,000 linapata 56,000 kabla ya kuzidisha na yuro 70,560 baada ya kuzidisha. Yeyote mwenye simu anaikokotoa mwenyewe. Uingereza, kwenye uchaguzi wa 2024, kwa kipindi cha mwisho cha kampeni iliweka pauni 11,390 kwa kila mgombea, na juu yake peni 8 kwa kila mpiga kura wa jimbo la mjini au peni 12 kwa yule wa jimbo la vijijini. Zile peni 4 za ziada ndiyo Kigamboni yao. Ubora wa fomula ni kwamba jimbo likimegwa, kikomo kinajirekebisha chenyewe, na hakuna wa kudai kwamba jimbo la fulani limependelewa.

Sasa twende kwenye daftari. Chukua mkutano mmoja wa kata, unaoanza saa 9 alasiri na kufungwa saa 12 jioni muda wa kampeni unapokwisha. Bei ninazoweka hapa ni za kufanyia hesabu tu. Kila timu iweke za msimu wake. Muziki na jenereta, 350,000. Gari la matangazo siku mbili, kwa sababu linapita mtaani siku moja kabla, 200,000, na mafuta yake 100,000. Viti 200 kwa 500 kila kimoja, 100,000. Maturubai mawili, 100,000. Jukwaa, 150,000. Kikundi cha ngoma, 300,000. Bodaboda 40 za msafara, 10,000 kila moja, 400,000. Chakula na maji ya timu, 150,000. Mpiga picha na video, 150,000. Jumla ni milioni 2 kamili, na hapo hujachapa hata kipeperushi kimoja.

Jimbo lenye kata 10, ukizuru kila kata mara tatu ndani ya miezi miwili ya kampeni, ni mikutano 30, sawa na milioni 60. Weka mawakala: vituo 500, posho 20,000 na nauli pamoja na chakula 10,000 kwa kila wakala, ni milioni 15 ndani ya siku moja. Tuseme kikomo cha jimbo hilo ni milioni 70. Mgombea ameshakipita kwa milioni 5 kabla ya fulana, bango, redio wala mitandao ya kijamii, na wala hajampa mtu bahasha.

Kwa hiyo kikomo kinachowekwa bila kupiga hesabu ya aina hii hakimbani mwenye fedha peke yake. Kinamfanya kila mgombea awe mwongo kwenye fomu, hata yule aliyetumia kwa halali kabisa. Kila mtu akishakuwa na kosa kwenye faili, anayeamua nani achukuliwe hatua ndiye mwenye nguvu kuliko sheria yenyewe. Napendelea kikomo kikubwa kinachohesabiwa kwa ukali kuliko kikomo kidogo kinachofumbiwa macho.

Kuendesha hesabu ya kampeni si jambo la kutisha kama likianza mapema. Kabla ya fomu ya uteuzi kuchukuliwa, kuwe na akaunti moja ya benki ya kampeni na laini moja ya simu ya malipo, basi. Wasaini wawe wawili na mgombea asiwe mmoja wao. Ufaransa mgombea haruhusiwi kuwa mshika fedha wake mwenyewe. Lazima awe na wakala wa fedha, na pesa yote ipite kwenye akaunti moja. India anatakiwa awe na akaunti ya pekee angalau siku moja kabla ya kurudisha fomu. Sababu ni ya kawaida kabisa: mgombea akiwa na noti mfukoni, mtaani haombi kura, anaombwa noti, na hakuna atakayemwandikia hati ya malipo palepale Manzese katikati ya umati.

Daftari lenyewe liwe na safu ya ahadi, ya ankara, ya malipo na ya chanzo cha pesa. Timu nyingi huandika malipo tu, na hapo ndipo zinapoangukia. Meneja kampeni anapiga simu Kariakoo, anaagiza fulana 2,000 kwa mdomo, zinavaliwa wiki ileile, na ankara inakuja siku tano baada ya kura. Kwenye daftari bado kuna salio zuri. Kwa mchapaji kuna deni. Kwa hiyo oda iandikwe kabla mzigo haujatoka, iandikwe kwenye safu ya ahadi siku hiyohiyo, na salio linalosomwa kwa mgombea liwe kikomo ukitoa ahadi, si kikomo ukitoa malipo. Waingereza wameitungia sheria tabia hii: anayemdai mgombea ana siku 21 tangu matokeo kuwasilisha dai lake, dai linalipwa ndani ya siku 28, na hesabu kamili inarudishwa ndani ya siku 35. Mchapaji akichelewa, hapaswi kulipwa bila ruhusa ya mahakama. Wachapaji wanajifunza haraka sana kuleta ankara kwa wakati.

Kila Jumatatu asubuhi mhasibu avute taarifa ya miamala ya laini ya kampeni ya wiki nzima, ailinganishe na hati za malipo moja baada ya nyingine, na makato ya mtandao ayaandike kama gharama, maana hujumlishana. Kosa ninaloona linajirudia kila msimu ni meneja kutumia namba yake binafsi kwa sababu ya makato au kwa sababu laini ya kampeni imeishiwa. Baada ya wiki tatu, karo ya mtoto wake, mafuta ya Noah na posho ya mawakala viko kwenye taarifa moja, na hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa uhakika, hata yeye. Theluthi ya bajeti ifungwe kwa ajili ya wiki ya mwisho na siku ya kura. Huo ndio wakati wa kulipa mawakala, na mawakala wasipolipwa, fomu ya matokeo ya kituo haitarudi kwako.

Mkaguzi anayejua kazi yake hahitaji kuijua siasa. Anaangalia risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zilizotoka mashine moja, namba zikifuatana, huku zikidai ni manunuzi ya wiki tatu tofauti. Anaangalia muda uliochapwa kwenye risiti: mafuta ya msafara wa asubuhi yaliyonunuliwa saa 4 usiku. Anaangalia orodha ya waendesha bodaboda. Hii nitaieleza kidogo kwa sababu ndiyo hati inayojieleza kuliko zote. Orodha ya kweli ina mwandiko wa kila aina, sahihi zilizopinda, mtu ameandika jina la utani akalikata, namba ya pikipiki imekosewa ikarekebishwa juu yake, mafuta yamedondokea karatasi. Orodha ya mezani ina majina arobaini yaliyonyooka kwa kalamu moja, kiasi kilekile, na dole gumba zinazofanana kwa ukubwa na kwa mkao. Ukiiona ya pili, acha kujumlisha. Uliza nani aliketi kuiandika. Tiba yake ni kuwalipa kwa simu, mmoja mmoja, na namba ya chombo iandikwe kwenye maelezo ya muamala. Ni kazi ya saa moja kwa bodaboda 40. Pia inaonyesha wazi kwamba kilicholipwa ni kazi ya msafara na si kura, maana mpaka kati ya gharama ya kampeni na hongo ni mwembamba, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, hawana wajibu wa kukudhania mema. Kuwasafirisha wapiga kura kwenda kituoni nako kumekatazwa, kwa hiyo bodaboda zilezile zikionekana siku ya kura zinapakia watu, orodha ile ya malipo inageuka kuwa ushahidi.

Vitu vya bure ndivyo vinavyoisumbua hesabu kuliko pesa taslimu. Rafiki ametoa Fuso kwa wiki sita. Mwenye ukumbi Sinza amesema msijali. Msanii anaimba kwa mapenzi ya chama. Mpwa aliye ng'ambo analipia matangazo ya Instagram kwa kadi yake. Hakuna kilichotoka kwenye akaunti, lakini mpinzani asiye na rafiki mwenye Fuso angelipa. Lazima viwekewe bei ya soko na viingie kwenye kikomo. Uingereza wana kipimo: kitu kikitolewa bure au kwa punguzo linalozidi asilimia 10, na tofauti ikavuka pauni 50, kinahesabiwa kwa thamani yake ya kibiashara. India wamekwenda mbali zaidi. Kila wilaya, kabla ya kampeni, ofisi ya uchaguzi inatoa orodha ya bei: kiti, turubai, spika, gari kwa siku, hadi kikombe cha chai. Wakaguzi wanapita mikutanoni na kamera, wanahesabu viti, wanazidisha kwa bei ya orodha na kuandika kwenye daftari lao la kivuli. Mgombea akileta daftari lake likasema viti 100 na video inaonyesha 900, ubishi unakwisha hapo. Sisi orodha ya namna hii tunaweza kuwa nayo kwa gharama ya karatasi. Bei ya kukodi kiti Temeke inajulikana na kila mama wa kikundi cha kufa na kuzikana.

Tatizo linalotuhusu sisi kipekee ni mafiga matatu. Chama kinaomba kura ya rais, mbunge na diwani kwa pumzi moja, na bango moja lina nyuso tatu. Bango hilo ni la nani? Fulana yenye sura ya mgombea urais mbele na jina la mbunge mgongoni inaingia kwenye kikomo kipi? Mkutano wa mgombea urais pale Mbagala Zakhem, mbunge akainuliwa mkono na kuombewa kura kwa dakika tano, je, dakika hizo zina bei? Bila kanuni ya kugawa, kila kitu kinasukumwa kwenye hesabu ya chama, ambako ukomo ni mkubwa zaidi, na hesabu ya mbunge inabaki na maji ya kunywa. Ningependa kanuni ya kizembe lakini iliyo wazi: nyuso tatu, theluthi kila mmoja; mkutano wa pamoja, gharama ya uwanja inabaki kwa mwenye mkutano; na kilichoandikwa jina la mbunge kinabaki kwa mbunge. Wataalamu watasema haina haki kamili. Ni kweli, lakini inaweza kukaguliwa.

Wenzetu wameshaungua hapa. India, mwaka 1974, Mahakama ya Juu katika shauri la Kanwar Lal Gupta na Amar Nath Chawla ilisema pesa ya chama iliyotumika kwa faida ya mgombea, naye akijua, ni pesa ya mgombea. Muda mfupi baadaye sheria ikabadilishwa ili pesa hiyo isihesabiwe, na mpaka leo kikomo cha mgombea wa India kina mlango wa nyuma wenye upana wa lori, kwa sababu chama chenyewe hakina kikomo. Uingereza, kwenye uchaguzi wa 2015, mabasi ya chama cha Conservative yaliyopeleka wanaharakati kwenye majimbo yenye ushindani yaliandikwa kama gharama za kitaifa. Mwaka 2017 chama kikatozwa faini ya pauni 70,000. Kwa jimbo la South Thanet kesi ikafika mahakamani. Mgombea aliachiwa, lakini mtumishi wa makao makuu ya chama alipatikana na hatia mwaka 2019. Katikati ya hapo Mahakama ya Juu ilikwishasema kwamba kitu kilichotolewa na kutumika kwa niaba ya mgombea kinahesabiwa hata kama yeye hakukipa kibali. Ufaransa, kwa upande wa urais, kampeni ya Nicolas Sarkozy ya 2012 ilikivuka kikomo cha yuro milioni 22.5, na ankara za mikutano zikaandikwa kama makongamano ya chama. Ujanja ni uleule kwa mbunge wa Segerea au rais wa Ufaransa: badilisha jina la mkutano kwenye ankara.

Halafu kuna saa. Kampeni za 2025 zilianza rasmi tarehe 28 Agosti, lakini nani hapa mjini hakuona ligi za mtaa, jezi, saruji ya msikiti na kwaya iliyonunuliwa vyombo mwaka mzima kabla? Mtia nia si mgombea bado, na zawadi yake inaitwa mchango wa maendeleo. Kwenye majimbo ambako chama kimoja kina nguvu, pambano la kweli ni kura za maoni, na huko wajumbe ni wachache, kwa hiyo shilingi kwa kila kura ni nyingi kuliko za uchaguzi mkuu. Sheria inazigusa gharama za uteuzi, ndiyo, lakini mchakato wa uteuzi una tarehe na jezi hazina. Ufaransa wanarudisha saa nyuma: matumizi yote ya miezi sita kabla ya mwezi wa uchaguzi yanaingia kwenye hesabu ya mgombea, hata kama wakati huo alikuwa hajajitangaza. Kwetu miezi sita haitoshi kwa utamaduni wa makombe ya mtaani, ila ni mwanzo. Mbunge aliyeko madarakani naye ana faida yake: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, kamati yake inaongozwa na mbunge huyohuyo. Kikomo kikali mno kinamlinda yeye, kwa kuwa jina lake limeshaandikwa kwenye choo cha shule, na mpinzani anahitaji pesa ili ajulikane tu. Hoja hii ya kumlinda aliyepo haipaswi kupuuzwa.

Marekani sitaizungumzia sana: tangu hukumu ya Buckley ya 1976 Mahakama ya Juu yao imekataa kumwekea mgombea kikomo cha matumizi. Kenya walitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, na vikomo vyake havijawahi kufanya kazi kwenye uchaguzi mkuu hata mmoja. Tume yao ya uchaguzi, IEBC, ilivitangaza mwaka 2021 na vikakwama kabla ya kura za 2022. Angalau sisi tuna sheria inayotembea.

Inatembea, lakini inachelewa kufika. Mgombea anatamka fedha alizonazo na anazotarajia wakati wa kuingia kwenye uteuzi, na asipotimiza matakwa hayo Msajili anaweza kumwekea pingamizi. Mwanzoni meno yapo. Mwishoni, kwa sheria ilivyotungwa 2010, chama kina siku 180 baada ya uchaguzi kumpelekea Msajili taarifa ya gharama. Kesi ya kupinga matokeo ya ubunge inatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 30 tangu matokeo yatangazwe, na mlalamikaji anawekewa dhamana ya gharama inayoweza kufika milioni 5 kwa kila mlalamikiwa. Weka tarehe juu ya kalenda: kura zilipigwa 29 Oktoba 2025, siku ya 30 inaangukia mwishoni mwa Novemba, siku ya 180 ni 27 Aprili 2026. Karatasi ambayo ingeonyesha mshindi alikivuka kikomo inakuja miezi mitano baada ya mlango wa mahakama kufungwa. Aliyeshindwa anafungua kesi kwa kubahatisha, kwa video za simu na maneno ya watu, au hafungui kabisa.

India mgombea anarudisha hesabu ndani ya siku 30 tangu matokeo, na muda wa kufungua kesi ni siku 45. Ziko siku 15 za mpinzani kusoma daftari, kulilinganisha na lile la kivuli na kuamua. Asiyerudisha hesabu anaweza kuzuiwa kugombea kwa miaka mitatu. Uingereza wameongeza mlango wa pili: kesi inayohusu matumizi ina muda wake unaohesabiwa tangu hesabu zipokelewe. Ufaransa tume ya hesabu za kampeni inakagua kila faili, na ikilikataa, linakwenda Baraza la Katiba, ambalo linaweza kumvua mtu ubunge na kumzuia kugombea. Tena anayezidi kikomo anakosa kurudishiwa pesa zake. Aliyepata asilimia 5 ya kura na hesabu safi anaweza kurudishiwa mpaka asilimia 47.5 ya kikomo, kwa hiyo hata mhasibu wake ana hamu ya kuwa mkweli.

Marekebisho ninayoyataka hayafiki nusu ukurasa. Mgombea ubunge arudishe hesabu yake ndani ya siku 30, nakala moja kwa Msajili na nyingine kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, na yeyote aruhusiwe kuisoma pale ofisini. Chama kibaki na siku zake 180 kwa hesabu ya kitaifa. Na kesi ya gharama, hiyo peke yake, iwe na siku 15 za ziada zinazoanza kuhesabiwa hesabu inapopokelewa.

Vyama vitasema siku 30 hazitoshi kukusanya risiti kutoka Pemba Mnazi. Zinatosha kama daftari linafungwa kila Jumatatu, maana kinachobaki baada ya kura ni wiki moja ya mwisho na madeni. Majimbo ya India yana wapiga kura zaidi ya milioni moja kila moja, kwa kawaida, na wanarudisha.